Pesa za kuhesabu hasara ya tabianchi: maswali tunayoulizwa sana hapa Nairobi

Maswali haya, ya pesa za kuhesabu kile mabadiliko ya tabianchi yametupotezea, ile inaitwa "hasara na uharibifu", huja kila kukiwa na kikao, iwe ni kwa baraza la chifu, kanisani ama kwa zile grupu za WhatsApp za plot, na mengi yanafanana kwa hivyo tumeyaweka pamoja. Kuna majibu mafupi na kuna marefu, inategemea swali.

Hii "hasara na uharibifu" ni nini, si ni mafuriko tu?

Mafuriko ni sehemu moja. Tunaongelea madhara ya mabadiliko ya tabianchi ambayo yamekupata ata baada ya kujipanga, ama ambayo hakuna namna ungejipanga ukayazuia. Mto umebeba nyumba, ukame umemaliza ng'ombe wa boma zima, ziwa limemeza shamba. Na sio lazima iwe ghafla. Maziwa ya Bonde la Ufa kama Baringo, Naivasha na Nakuru yalipanda pole pole kwa miaka kadhaa, na ripoti ya serikali ya 2021 ilisema watu karibu 380,000 waliathirika, wengine wamepoteza shule, hospitali, barabara na makaburi ya wazazi wao chini ya maji. Hasara ya namna hio ndio husahaulika kabisa manake hakuna siku moja ambayo waandishi wa habari walikuja na kamera.

Mbona pesa itolewe ya kuhesabu, badala ya kupewa wenye wamepoteza moja kwa moja?

Hili ndilo swali huulizwa kwa hasira na lina haki ya kuulizwa hivyo. Kwanza tuseme wazi, chakula, blanketi, dawa na mahali pa kulala havifai kungoja fomu ya mtu yeyote. Ukiona mtu anasema msaada wa dharura usubiri tathmini iishe, huyo anakosea.

Lakini baada ya wiki mbili hivi, maji yakishaenda na kamera zimerudi mjini, kuna pesa kubwa zaidi ya kujenga tena na kurudisha watu kwa biashara, na mwenye hizo pesa huuliza kwanza nini kimepotea, wapi, cha nani, cha pesa ngapi. Nchi ikikosa jibu inapewa kile mtoaji ameona kinatosha. Na ikiwa na jibu la nusu inapewa nusu.

Chukua ukame wa 2008 hadi 2011. Serikali ya Kenya pamoja na Benki ya Dunia, Umoja wa Ulaya na Umoja wa Mataifa walikaa wakahesabu, ripoti ikatoka 2012. Jumla ilikuwa shilingi bilioni 968.6, kama dola bilioni 12.1 za wakati huo. Sasa angalia ndani ya hio jumla: mali iliyoharibika ilikuwa bilioni 64.4 peke yake, hizo zingine zote, karibu bilioni 904, ni mapato na uzalishaji uliopotea, maziwa ambayo hayakukamuliwa, ng'ombe aliyekonda akauzwa bei ya kutupa, mavuno ambayo hayakutoka. Sekta ya mifugo pekee ilikuwa bilioni 699.3. Kwa hivyo kama wangehesabu tu vitu unavyoweza kuvishika na kuvipiga picha, wangeona chini ya senti saba kwa kila shilingi iliyopotea! Hio ndio sababu tunang'ang'ana na mambo ya kuhesabu. Sio makaratasi ya ofisini, ni kama asilimia 93 ya hasara ambayo ingepotea mara ya pili.

Sasa leta hio hesabu Nairobi, mafuriko ya Machi hadi Mei 2024. Idadi ya waliofariki tuliisikia kwa redio karibu kila siku, ikapita watu 290 nchi nzima, na idadi ya familia zilizohama pia tuliisikia. Lakini cherehani ya fundi wa Mathare, friza ya mama wa samaki, stoku ya mitumba iliyolowa ikaoza, mkopo wa chama wenye uliendelea kudaiwa ata biashara ikiwa imeenda na maji, siku ambazo mtoto hakuenda shule juu yunifomu na vitabu vilibebwa, hizo ni nani aliziandika? Sehemu kubwa haikuandikwa popote. Na kuziandika kunahitaji watu wa kutembea nyumba kwa nyumba, waliofunzwa, wenye simu za kujazia fomu, nauli na chakula chao, na pia rekodi za kabla ya janga ili ujue palikuwa na nini. Kaunti ikiwa kwa janga inatumia kila shilingi kuokoa watu, haibaki na ya kuhesabu. Ndio maana inafaa itengwe mapema na itoke mahali pengine.

Na hizo pesa zinatoka wapi haswa?

Historia yake ni ndefu na imejaa kusukumana. Nchi za visiwa vidogo zikiongozwa na Vanuatu ziliomba kitu kama hiki tangu 1991, wakaambiwa mambo ya ngoja kwanza. Mwaka wa 2013, kwa mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa ambao hufanyika kila mwaka, ikaundwa mfumo wa Warsaw, ambao ulikuwa zaidi wa mazungumzo na utafiti. 2019 kule Madrid ukaanzishwa Mtandao wa Santiago, huo kazi yake ni kuunganisha nchi zinazoendelea na wataalamu. 2021 Scotland ikawa serikali ya kwanza kuweka pesa mezani kwa jina la hasara na uharibifu, pauni milioni 2. Novemba 2022 huko Sharm el-Sheikh nchi zote zikakubali kuwe na mfuko wake wenyewe, na tarehe 30 Novemba 2023, siku ya kwanza ya mkutano wa Dubai, mfuko ukafunguliwa rasmi. Umoja wa Falme za Kiarabu ukaahidi dola milioni 100, Ujerumani milioni 100, Italia na Ufaransa euro milioni 100 kila mmoja. Ahadi zote zimepita dola milioni 700, ambazo ukiweka kando ya ule ukame wetu mmoja wa bilioni 12.1 unaona bado ni kidogo sana, na ahadi si pesa mkononi.

Mfuko wenyewe unaendeshwa na bodi ya watu 26, kati yao 14 wanatoka nchi zinazoendelea. Bodi iko Ufilipino, Benki ya Dunia inaushikilia kwa muda, na mkurugenzi wake ni Ibrahima Cheikh Diong.

Kwa kazi ya kuhesabu kuna milango mitatu ya kujua. Wa kwanza ni Mtandao wa Santiago, ofisi yake iko Geneva, na huo umeundwa kwa msaada wa kitaalamu kama huu: nchi inasema tunataka kujua hasara yetu kwa sekta fulani ama eneo fulani, mtandao unatafuta shirika lenye ujuzi na kulilipa. Wa pili ni Mfuko wa Kijani wa Tabianchi ulioko Songdo, Korea Kusini, una fungu la kusaidia nchi kujiandaa na kujenga uwezo, na hapa Kenya mlango wake ni Hazina ya Taifa. Wa tatu ni huu mfuko mpya wenyewe, ambao Aprili 2025 bodi yake ilipokutana Barbados ilipitisha dola milioni 250 za kuanzia, kila ombi kati ya dola milioni 5 na 20, na mwito wa kwanza wa maombi ukatangazwa Belém, Brazil, Novemba 2025.

Ni mkopo ama ni ya bure?

Hizo milioni 250 ni ruzuku, hazirudishwi. Lakini sio kila pesa yenye jina la tabianchi ni ruzuku. Ule mpango wa FLLoCA ambao umepeleka pesa za tabianchi hadi kwa wadi una dola milioni 150 za Benki ya Dunia ambazo ni mkopo, masharti nafuu ndio, lakini mkopo. Kwa hivyo ukisikia mradi umezinduliwa uliza hilo swali kwanza, na uliza ukiwa umesimama mbele ya watu. Ni makosa makubwa nchi ambayo mchango wake kwa gesi chafu za dunia ni mdogo sana kukopa ili ihesabu hasara iliyoletewa na wengine.

Kenya inaruhusiwa kuomba?

Ndio. Lakini jua hili: angalau nusu ya hizo pesa za kuanzia imetengewa nchi za visiwa vidogo na zile nchi zinaitwa maskini zaidi kimaendeleo, na Kenya haiko kwa hio orodha. Uganda, Tanzania, Ethiopia na Somalia wako. Sisi tunashindania nusu ile ingine na nchi nyingi kubwa, kwa hivyo ombi letu lazima liwe na hesabu safi kuliko la jirani. Hapo tena tunarudi kwa kuhesabu.

Tathmini yenyewe inafanywa aje?

Njia inayotumika sana ilitokana na kazi ya tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa ya Amerika ya Kilatini na Karibi, miaka ya sabini, na mwaka wa 2008 Umoja wa Mataifa, Benki ya Dunia na Umoja wa Ulaya wakakubaliana kuitumia pamoja. Kwa ufupi wanafanya hivi. Wanatafuta hali ilikuwa aje kabla ya janga, kaya ngapi, nyumba za aina gani, biashara ngapi. Halafu wanahesabu kilichovunjika na bei ya kukirudisha. Halafu wanahesabu mapato yaliyokatika tangu siku ya janga hadi mambo yatakaporudi sawa, ambayo inaweza kuwa miezi ama miaka. Wanagawa kwa sekta: nyumba, maji, afya, elimu, kilimo, biashara, barabara. Mwisho wanaandika nini kinahitajika kujenga tena, na kujenga vizuri kuliko mwanzo.

Shida kubwa hapa kwetu ni hio hatua ya kwanza. Ukitumia sensa ya 2019 kwa mtaa kama Mukuru ambapo watu wanahama kila mwezi na plot ya mabati inaongezwa floo usiku, unahesabu mtaa ambao haupo tena. Lakini rekodi bora ziko, tatizo hazitafutwi. Muungano wa Wanavijiji, shirika la wakaazi wa mitaa ya mabanda, wamehesabu nyumba kwa nyumba Mathare na Mukuru kwa miaka mingi, na wahudumu wa afya wa jamii wanajua kila mlango wanaouhudumia. Tathmini ikija na isianze kwa hao watu, inaanza vibaya.

Mimi ni mpangaji, sina karatasi ya nyumba. Nitahesabiwa?

Unafaa kuhesabiwa, na hapa ndio pahali tunaomba watu wasinyamaze.

Tathmini nyingi zikifika kwa nyumba zinauliza mwenyewe ni nani. Kwa mtaa wa mabanda, mwenye nyumba anaweza kuwa anaishi mbali kabisa na mwenye alilala kwa maji ni mpangaji. Mwenye nyumba amepoteza mabati na mbao, sawa aandikwe, lakini mpangaji amepoteza kitanda, jiko, sufuria, stoku, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, rent ya mwezi aliyokuwa amelipa na kazi ya wiki tatu. Ukijumlisha, mara nyingi vitu vya ndani ya nyumba ni vya thamani kuliko nyumba yenyewe. Fomu ikiwa na safu moja tu ya mwenye nyumba, huyo mpangaji hayuko.

Na kuna ile ya 2024. Baada ya mafuriko serikali iliagiza watu watoke kando ya mito, nyumba za Mathare na Mukuru zikabomolewa, na Rais akaahidi shilingi 10,000 kwa familia zilizohamishwa ili zitafute pa kukaa. Tunaulizwa sana kama hio elfu kumi ndio ilikuwa malipo ya hasara. Hapana. Ule ulikuwa msaada wa kuhama, haikupimwa na kitu chochote ulichopoteza, mwenye alikuwa na duka la laki mbili na mwenye alikuwa na godoro moja walihesabiwa sawa. Na mwenye nyumba yake haikubebwa na maji lakini ikavunjwa na trekta wiki iliyofuata, hasara yake pia ni ya kuandikwa, juu aliipata kwa sababu ya hio mvua.

Na vitu ambavyo havina bei?

Vinaandikwa, ata kama havipewi shilingi. Kwa lugha ya wataalamu ni hasara zisizo za kiuchumi: uhai, afya ya akili, makaburi, misitu mitakatifu ya Wamijikenda (kaya) kule Pwani, desturi za wafugaji wa Turkana ama Marsabit ambao mahari na jina la mtu vinasimama juu ya mifugo. Mtoto wa Mathare ambaye sasa mvua ikianza usiku analia na hataki kulala, hio ni hasara. Usikubali mtu akuambie haiingii kwa ripoti juu haina risiti. Sauti za watu, zikirekodiwa vizuri na kwa ruhusa yao, ni ushahidi.

Mtajuaje ni tabianchi na sio mitaro iliyoziba?

Mara nyingi ni zote mbili, na ni vizuri kusema hivyo wazi kuliko kuficha. Mai Mahiu, usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, zaidi ya watu 50 walikufa, na serikali ilieleza baadaye kwamba maji yalikuwa yamezuiwa na kalvati iliyoziba chini ya reli, halafu yakapasuka. Mvua ilikuwa kubwa, na kalvati ilikuwa imeziba. Kila moja ina wa kuulizwa.

Kupima mchango wa tabianchi kuna sayansi yake siku hizi. Kundi la World Weather Attribution lilichunguza ule ukame ulioanza 2020 katika Pembe ya Afrika, misimu mitano ya mvua mfululizo ikikataa, na Aprili 2023 wakasema mabadiliko ya tabianchi yaliufanya uwezekane angalau mara 100 zaidi. Wanafanya hivyo kwa kulinganisha dunia ya sasa na dunia ambayo haijapashwa joto, kwa kompyuta na rekodi za hali ya hewa. Na rekodi ndio tatizo, vituo vya kupima mvua bado ni vichache, hapa Nairobi mvua inaweza kunyesha vibaya sana Kasarani na Dagoretti pakavu, kwa hivyo sehemu ya pesa za tathmini inafaa iende kwa vituo vya Idara ya Hali ya Hewa. Sio kitu cha kuvutia kwa picha za uzinduzi lakini bila hio hoja yetu inalegea.

Kwani si makonsaltanti watakula zote?

Hofu hii ina msingi. Mtindo umekuwa mtaalamu anakuja kwa ndege, analala hoteli ya Westlands, anaita warsha, anaondoka na data, na ripoti inatoka kwa Kiingereza kurasa mia mbili ambayo mwenye alitoa habari hataiona. Dawa yake ni masharti yaandikwe kabla pesa haijatoka: data ibaki Kenya na kaunti iwe nayo, wahesabuji watoke mtaa huo huo na walipwe, vyuo vikuu vyetu viongoze pale vinapoweza, na matokeo yasomwe kwa Kiswahili kwa baraza kabla ya kupelekwa kokote, ili watu waseme hapa mmekosea, hapa mmesahau. Kwa Mtandao wa Santiago jamii inaweza kuleta ombi pia, kwa kushirikiana na mwakilishi wa nchi, kwa hivyo sio lazima tungoje Nairobi ya maofisini iamke.

Hii ni fidia? Wanakubali makosa?

Kwa karatasi, hapana. Mkataba wa Paris wa 2015 una kifungu cha 8 cha hasara na uharibifu, lakini uamuzi ulioandamana nao, aya ya 51, ulisema kifungu hicho si msingi wa kudai dhima wala fidia. Ndio maana utasikia kila mtu anasema msaada ama mshikamano. Lakini Julai 23, 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ilitoa maoni, baada ya Vanuatu kusukuma jambo hilo kwa Umoja wa Mataifa, kwamba nchi zina wajibu wa kisheria kuhusu tabianchi na nchi ikivunja wajibu huo inaweza kutakiwa kulipa, kama uhusiano kati ya kosa na madhara umeonyeshwa. Ni maoni tu, hayalazimishi kama hukumu. Ila siku nchi itasimama mahakamani kuonyesha huo uhusiano, itahitaji rekodi.

Marekani imejitoa, sasa?

Iliondoa mjumbe wake kwa bodi Machi 2025. Ahadi yake ilikuwa dola milioni 17.5, ndogo kwa uchumi kama ule, kwa hivyo mfuko haukufa. Kilichoumia zaidi ni moyo wa kuongeza pesa mpya.

Maji yameingia kwangu sai. Nifanye nini ili nisipotee kwa hesabu?

Toa watu kwanza, mali baadaye. Ukishakuwa salama, piga picha alama ya maji kwa ukuta kabla haijakauka ama kufutwa, na kila kitu kilichoharibika kabla hujakitupa. Washa lokesheni ya simu ukipiga. Mtumie mtu wa familia picha hizo siku hio hio, simu ikiibiwa zibaki mahali. Andika orodha ata kwa daftari la mtoto: kitu, ulinunua lini, bei. Kama ulikuwa na biashara, omba stetimenti ya M-Pesa ya miezi sita kabla ya mafuriko, hio inaonyesha ulikuwa unaingiza ngapi kwa siku na hakuna wa kubishana nayo. Kitambulisho na vyeti vilivyopotea, enda polisi upate abstrakti, ile karatasi ya kuonyesha umeripoti, ukiwa bado unakumbuka tarehe. Enda kwa chifu ama Nyumba Kumi jina lako liandikwe, na uandikwe kama mpangaji kama wewe ni mpangaji, mwambie aandike hilo neno. Halafu ongea na jirani ambaye hana simu ya picha ama ni mzee haoni vizuri, piga zake pia, muandikie orodha yake, na muende kwa chifu pamoja.